Karatasi ya Jumanne iko wapi? Uchambuzi wa tovuti moja ya darasa

Mwalimu wa biolojia aliyeniita nimsaidie hakuwa na shida ya uhaba. Tovuti ya darasa lake ilikuwa imejaa pomoni. Kwa miaka miwili mfululizo alikuwa akipakia kila alichokiandaa: notsi, slaidi, karatasi za mazoezi, miongozo ya maabara, video, mitihani iliyopita, hata picha za wanafunzi wakichungulia hadubini. Kilichomkera ni kwamba baada ya jasho lote hilo bado walimfuata mlangoni na swali lile lile: "Mwalimu, karatasi ya Jumanne iko wapi?"

"Iko kwenye tovuti," alikuwa akiwajibu. Na kweli ilikuwapo. Nitaonyesha baadaye kwamba ilikuwapo mara mbili, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa hali yake ni ya walimu wengi ninaowajua, na pia kwa sababu dawa niliyokwenda nayo siku ya kwanza haikuwa dawa.

Nilipofungua tovuti, jambo la kwanza kuonekana lilikuwa picha kubwa iliyojaza kioo kizima cha simu. Chini yake salamu za kuwakaribisha wanafunzi, halafu methali kuhusu elimu, halafu saa inayotembea, halafu aya ndefu ya malengo ya somo. Ilinibidi nitelezeshe kidole mara nne kabla sijakutana na kitu ambacho mwanafunzi angekihitaji siku hiyo. Menyu ilikuwa na vipengele kumi na kimoja: Nyumbani, Karibu, Matangazo, Notsi, Slaidi, Nyenzo, Vipakuliwa, Video, Maabara, Kazi za Nyumbani, Viungo Muhimu.

Soma tena orodha hiyo kisha ujibu: karatasi ya mazoezi ya usanisinuru ingekaa wapi? Inaweza kuwa Nyenzo, kwa kuwa ni nyenzo. Inaweza kuwa Vipakuliwa, kwa kuwa inapakuliwa. Kama ilitolewa ikafanyiwe nyumbani, basi Kazi za Nyumbani. Kama inaambatana na jaribio la kuchemsha jani na kulipima kwa iodini, basi Maabara. Mwalimu mwenyewe nilipomuuliza alifikiri kidogo, akacheka, akasema inategemea aliipakia mwezi gani.

Ndani ya Vipakuliwa hali ilikuwa hivi, nanukuu majina ya faili kama yalivyokuwa: "karatasi usanisinuru", "karatasi usanisinuru MPYA", "notsi mwisho", "notsi mwisho kabisa", "Doc1", "skani0047". Sikucheka sana, maana kompyuta yangu nayo ina "ripoti mwisho kabisa hii ndiyo".

Kabla ya kugusa chochote niliomba tukae na wanafunzi watatu, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake. Jakob Nielsen, mtu anayejulikana kwa utafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Sisi watatu walitutosha, kasoro zetu hazikuwa za kujificha. Niliwapa kazi moja: "Jumanne hukuja shuleni. Tafuta karatasi iliyotolewa siku hiyo." Nikamwomba mwalimu akae nyuma na asiseme neno. Hilo lilimtesa kuliko nilivyotarajia.

Wa kwanza alikwenda moja kwa moja Kazi za Nyumbani, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kazi ya mwisho iliyokuwapo ilikuwa ya muhula uliopita, kwa sababu katikati ya mwaka mwalimu alianza kuweka karatasi kwenye Vipakuliwa, akaiacha ile sehemu ya zamani imesimama kama kituo cha basi ambacho basi halipiti tena. Mwanafunzi akarudi, akafungua Nyenzo, akatoka, akaingia Vipakuliwa, akaona "karatasi usanisinuru", akaifungua. Akatabasamu: "Nimeipata."

Hakuwa ameipata. Ile ilikuwa ya mwaka uliotangulia, yenye maswali sita. Ya Jumanne ilikuwa ni ile yenye neno MPYA, ina maswali tisa na mchoro uliosahihishwa. Mwanafunzi huyu angekwenda nyumbani, angefanya kazi yote kwa bidii, na kesho yake angeonekana mvivu aliyeruka maswali matatu. Mwalimu alinyamaza kimya cha aina nyingine kabisa pale. Kukosa kitu kwenye tovuti kunaudhi, lakini mwenye kukosa walau anajua amekosa. Aliyepata kisichokuwa chenyewe hajui.

Wa pili aliingia Matangazo, akasoma tangazo la mtihani uliokwisha kufanyika, akakata tamaa. Wa tatu hata hakuifungua tovuti. Alisema kwa upole, akimtazama mwalimu kwa jicho la kuomba radhi: "Mimi ningemuuliza mwenzangu tu kwenye kundi la WhatsApp." Mshindani wa tovuti ya darasa ni huyo mwenzake mwenye picha ya karatasi kwenye simu, anayejibu baada ya dakika mbili. Tovuti inayochukua muda mrefu kuliko rafiki imeshindwa, hata iwe imepambwa vipi.

Baada ya hapo tulikaa wawili, mimi na mwalimu, kutafuta kilichosababisha. Alikuja na dhana tayari: vipengele vya menyu ni vingi, na alikwisha kusikia kwamba binadamu hawezi kushika zaidi ya vitu saba, kwa hiyo tupunguze hadi saba. Dhana hiyo inazunguka sana katika semina. Chanzo chake ni makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, na ile ilihusu, pamoja na mengine, vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu haishikwi kichwani, iko mbele ya macho. Ningekubali menyu ya vipengele kumi na viwili kama kila kimoja kingekuwa na maana yake isiyoingiliana na jirani. Nyenzo na Vipakuliwa haviwezi kutenganishwa hata kama menyu ina hivyo viwili tu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mahali pengine. Notsi, slaidi, video, karatasi: hayo ni majina ya aina za faili. Ndivyo mwalimu anavyotunza vitu kwenye kompyuta yake, kwa kuwa akikaa kuandaa somo anafikiri "sasa nitengeneze slaidi". Ni kabati lake la vifaa, amelifungulia mlango na kuwaambia wanafunzi waingie wachukue. Mwanafunzi haji akitafuta slaidi. Anakuja na wakati ("jana nilikosa nini?", "mtihani lini?") au anakuja na mada ("sijaelewa usanisinuru"). Katika vipengele kumi na kimoja hakuna hata kimoja kilichojibu wakati, na hakuna kilichojibu mada.

Hapo ndipo nilipotoa ile dawa yangu. Tupange kwa wiki, nikasema, Wiki ya 1, Wiki ya 2, mpaka muhula uishe. Kila kitu cha wiki hiyo kikae pamoja, notsi, karatasi, video, kazi. Ni mpango rahisi na mwalimu aliupenda papo hapo, kwa sababu unafanana na andalio lake la masomo. Tungeishia hapo kama nisingekumbuka kwamba nilimwahidi zoezi la kadi.

Zoezi lenyewe halina ufundi. Tuliandika vitu thelathini vya tovuti kwenye vipande vya karatasi, kipande kimoja kitu kimoja: "mwongozo wa jaribio la jani", "video ya seli", "mtihani wa muhula wa kwanza", "notsi za upumuaji". Tukavimwaga mezani tukawaambia wanafunzi wanne: pangeni mafungu kama mnavyoona ninyi, kisha kila fungu mlipe jina. Hatukuwapa majina ya kuanzia.

Walibishana sana juu ya kadi ya jaribio la jani. Mmoja aliitia kwenye fungu alilokuwa ameanza kuliita Maabara. Mwenzake akaichomoa: "Hii tunaisoma pamoja na usanisinuru, ukiiweka huko utaisahau." Wakavutana, na mwishowe Maabara ikavunjwa, kila jaribio likaenda kwenye mada yake. Fungu la "wiki" halikutokea kabisa. Nilipowauliza kwa nini, mmoja alinijibu kwa swali: "Kwani wakati wa mtihani nani anakumbuka usanisinuru ilikuwa wiki ya ngapi?"

Ndiyo, nilikuwa nimejenga kabati jingine. Mpangilio wa wiki unamfaa mwanafunzi wiki hiyo hiyo tu. Mwezi ukipita unageuka msitu. Na mpangilio wa mada unamfaa anayerudia masomo, lakini aliyekosa Jumanne atajuaje Jumanne ilikuwa mada gani? Wengi hushikilia upande mmoja kana kwamba lazima kuchagua. Moodle, programu ya masomo iliyotoka mwaka 2002, humpa mwalimu namna zote mbili, ya wiki na ya mada, naye huchagua moja kwa kila kozi, ndipo mabishano ya chumba cha walimu yanapoanza.

Tulichoamua ni kwamba faili liwe na nyumba moja tu, nayo ni ukurasa wa mada yake. Ukurasa wa wiki haubebi faili lolote. Unabeba viungo vinavyoelekeza kwenye nyumba hiyo. Maktaba ya vitabu vya karatasi haina hiari hii: tangu mpango wa Melvil Dewey wa mwaka 1876 wa kupanga vitabu kwa namba za mada, nakala moja ya kitabu hukaa rafu moja, na msomaji huifuata huko. Kwenye tovuti unaweza kufungua milango kumi inayoingia chumba kile kile. Shida ni kwamba kunakili faili ni rahisi kama kuweka kiungo, na mwalimu mwenye haraka hunakili. Ndivyo zilivyozaliwa "karatasi usanisinuru" mbili.

Menyu mpya ikawa na vipengele vinne: Wiki Hii, Mada, Mitihani na Marudio, Kuhusu Darasa. Ukurasa wa mbele ndio Wiki Hii wenyewe, bila picha kubwa, bila saa. Una jedwali lenye safu za siku: tulichofanya, karatasi (kiungo), kazi na siku ya kukabidhi. Safu ya Jumanne ya wiki ya majaribio ilisomeka hivi: "Usanisinuru: jaribio la iodini kwenye jani. Karatasi ya 2, maswali 9. Kukabidhi Ijumaa." Basi. Hakuna "Wapendwa wanafunzi".

Ukurasa wa kila mada nao ukafuata mpangilio mmoja usiobadilika: maswali mawili matatu ambayo mada inajibu, kisha notsi, kisha jaribio, kisha karatasi, kisha video moja au mbili zilizochaguliwa. Video zilikuwa kumi na nne kwa mada ya seli peke yake. Mwalimu alizitetea moja baada ya nyingine kama mtu anayeombwa agawe vitabu vyake. Nilimuuliza ni ipi angemwonyesha mwanafunzi mwenye dakika kumi tu. Akataja mbili bila kusita, ndizo zilizobaki.

Majina ya faili yalichukua jioni nzima. Kanuni tuliyoiweka ni namba ya mada, jina la mada, aina, namba: "03-usanisinuru-karatasi-2". Sifuri mbele ya tatu si pambo. Mahali pengi faili hupangwa kwa kutazama herufi moja moja, na bila sifuri, mada ya 10 hutangulia ya 2. Palipohitajika tarehe tulianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kinavyotaka, kwa sababu ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote hujikusanya pamoja na historia ya darasa inavurugika. Maneno "mpya" na "mwisho" tuliyapiga marufuku. Kila kitu ni kipya siku kinapopakiwa.

Sasa kosa langu la pili, ambalo lilionekana wiki moja baadaye. Wakati wa kuhamisha tulifuta faili za zamani tukapakia zenye majina mazuri. Jumatatu asubuhi mwalimu akanipigia: karatasi alizokwisha kuchapisha na kugawa zilikuwa na alama za QR, zile za kuskani kwa simu, na kila alama ilikuwa inapeleka kwenye ukurasa wa "haipatikani". Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1989, alisisitiza mwaka 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na mimi nilikuwa nimezibadilisha zote kwa alasiri moja. Kwenye Google Drive, ambako faili za mwalimu huyu zilikuwa zimehifadhiwa, ukifuta faili na kulipakia upya linapewa anwani mpya hata kama jina ni lile lile. Ukibadilisha jina tu, au ukipakia toleo jipya juu ya lile la zamani, kiungo kinabaki. Tungefanya hivyo tangu mwanzo tusingechapisha upya karatasi za madarasa mawili. Kwa waliofika hatua hii: alama ya QR ielekezwe kwenye ukurasa wa mada, si kwenye faili. Faili hubadilika, mada ya usanisinuru itaendelea kuwapo.

Siku hiyo hiyo likajitokeza la ruhusa. Mwanafunzi alibofya karatasi, akaambiwa aombe idhini ya kuifungua. Mwalimu hakuamini, maana kwake ilikuwa inafunguka. Bila shaka inafunguka, ni mwenye mali. Tangu hapo ana desturi: kila akiweka kitu kipya anafungua tovuti katika dirisha fiche la kivinjari, ambalo halimtambui, na kubofya kama mgeni. Ni sekunde ishirini.

Mengine nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo ila hayakuhitaji mjadala. "Bofya hapa" zilikuwa tisa kwenye ukurasa mmoja. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini akiomba orodha ya viungo atasikia bofya hapa, bofya hapa, mara tisa, kwa hiyo kila kiungo kikapewa jina la kitu kinachofunguka. Vichwa vya habari vya rangi ya njano juu ya nyeupe vikawa bluu iliyokolea, maana miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike pia na watu wenye ulemavu, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na njano ile haikukaribia hapo. Maelekezo mafupi yaliyokuwa ndani ya PDF tuliyaandika moja kwa moja kwenye ukurasa: PDF ilibuniwa mwaka 1993 ili hati ionekane vile vile popote, na ukubwa wa karatasi ukisomwa kwenye simu ndogo ni kazi ya kuvuta na kusukuma. Jedwali la alama lenye majina kamili liliondolewa siku ile ile nilipoliona, pamoja na picha za wanafunzi. Sura zilizoskaniwa kutoka vitabu vya watu nazo zilitoka.

Mvutano wa kweli ulikuwa kwenye vitu vya mwaka jana. Nilitaka viondoke kwenye menyu.

"Na kama kuna atakayevihitaji?" akauliza.

"Nani?"

"Mimi."

Alikuwa na haki. Ni kazi yake, na mwakani ataichota humo. Tukaviweka kwenye folda yake mwenyewe, imeandikwa mwaka, haionekani na wanafunzi. Kisa cha ile karatasi ya maswali sita kilitosha kumshawishi kwamba kitu cha zamani kikikaa karibu na kipya, kinajitokeza mbele za watu kikijidai ndicho.

Upande wa matunzo sikuupatia jibu kamili. Tulikubaliana robo saa kila Ijumaa: safu za wiki inayoisha zinahamishiwa chini, za wiki ijayo zinaandikwa. Imeshika kwa sehemu kubwa. Lakini alipougua siku nane, Wiki Hii ilibaki na wiki iliyopita, na ukurasa wa mbele wenye tarehe iliyopitwa ni mbaya kuliko ukurasa usiokuwapo, kwa sababu unasema uongo kwa sauti ya uhakika. Sasa wanafunzi wawili wana idhini ya kuandika kwenye jedwali hilo tu, na mwalimu hupitia baadaye. Sehemu ya wazazi, iliyofichwa ndani ya Kuhusu Darasa, bado ni aya mbili na anwani ya barua pepe. Hatujawahi kukaa na mzazi na simu yake kama tulivyokaa na wanafunzi, kwa hiyo sina la kusema juu yake.

Muhula ulipokaribia kwisha tulirudia lile jaribio, na wanafunzi wengine watatu, swali lile lile la Jumanne. Wote walifika kwenye karatasi sahihi bila kurudi nyuma hata mara moja. Mwalimu anasema maswali ya mlangoni hayajapungua sana, ila yamebadilika: sasa wanamfuata na "swali la nne linamaanisha nini?", na hilo anasema anaweza kusimama nalo hata saa nzima.

Yule wa mwisho kati ya watatu alipoiona safu ya Jumanne hakubofya kwanza. Alipiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwalimu akanitazama kama anayeuliza tumefanya yote hayo kwa faida gani. Tukaitazama ile picha pamoja: ilionyesha siku, kazi, namba ya karatasi, lakini haikuonyesha ni Jumanne ya tarehe ngapi. Jioni ile tuliongeza tarehe kamili ndani ya kila safu, ili picha ikisambaa peke yake, itembee na tarehe yake.